Upande wa Nyuma wa Kitambaa: Historia ya Ufumaji na Utarizi katika Mpaka wa Oraba, West Nile, na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ufumaji na utarizi wa wanawake katika eneo la mpaka wa Oraba, wilayani Koboko, Uganda ipakanapo na Sudan Kusini. Hoja kuu ni kwamba kazi hii, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kupitishia wakati, ni kumbukumbu ya historia ya mpaka na inastahili kusomwa pamoja na nyaraka za utawala na za vita. Makala yanaonesha njia tatu ambazo kwazo ujuzi wa sindano na kulabu umepita kutoka mkono mmoja hadi mwingine: nyumbani, katika shule na vilabu, na katika ukimbizi. Kisha yanaeleza kwa nini Kiswahili, kilichofika West Nile kupitia kambi ya jeshi na soko, hakikuwa lugha kuu ya ujuzi huu, na yanajadili hasara ya jambo hilo wakati huu ambapo Uganda inakipa Kiswahili nafasi mpya katika elimu.

Maneno muhimu: ufumaji, utarizi, milaya, mpaka, ukimbizi, West Nile

1.0 Utangulizi

Katika historia iliyoandikwa ya West Nile, Koboko hutajwa mara nyingi kwa sababu ya askari. Eneo hili na majirani zake lilitoa vijana wengi kwa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na jina la Idi Amin, aliyejiunga na jeshi hilo mwaka 1946, limefunika mengine mengi yaliyotokea huko. Msomaji wa historia hiyo hukutana na kambi, maasi, mapinduzi na misafara ya wakimbizi. Ni nadra kukutana na kitu kilichotengenezwa kwa mkono na mtu aliyekuwa ndani ya msafara huo.

Vitu hivyo vipo. Katika nyumba nyingi za Koboko, Arua na makazi ya wakimbizi yaliyo jirani, mgeni huketi penye vitambaa vilivyofumwa kwa uzi wa pamba, na huona shuka zilizotariziwa maua na ndege. Vitambaa hivyo havina tarehe wala sahihi. Hata hivyo kila kimoja kina historia ya nani alimfundisha nani, wapi, na katika hali gani, na kuisoma historia hiyo ndilo lengo la makala haya.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mwanzoni. Neno kufuma katika Kiswahili hubeba kazi tatu ambazo wataalamu wa nguo huzitenganisha: kusuka nyuzi katika kitanda cha mfumi, kuunganisha vitanzi kwa sindano mbili ndefu, na kuunganisha vitanzi kwa sindano moja yenye kulabu. Makala haya yanatumia kufuma kwa maana ya pili na ya tatu. Kutarizi, au kudarizi, ni kupamba kwa sindano na uzi kitambaa ambacho tayari kimekwisha kutengenezwa. Katika eneo linalojadiliwa, kulabu na utarizi huenda pamoja: shuka hutariziwa katikati, na ukingo wake hufumwa.

2.0 Oraba na historia ya kuvuka

Oraba ni kituo cha mpaka kilicho kaskazini mwa mji wa Koboko. Ng'ambo yake ni Kaya, katika Sudan Kusini, na kwa upande wa magharibi mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hauko mbali. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Mistari iliyowagawa ilichorwa na wengine: eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, lililotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, likaingia Sudan mwaka 1910, na hatimaye likawekwa chini ya Uganda mwaka 1914. Koboko yenyewe ilitengwa kutoka Arua na kuwa wilaya mwaka 2005.

Kwa karne ya ishirini na mwanzo wa ishirini na moja, historia ya Oraba ni historia ya kuvuka kwa zamu. Maasi ya Torit ya Agosti 1955 yalifungua vita vya kwanza vya Sudan, vilivyodumu hadi Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, na watu wa kusini mwa Sudan wakakimbilia Uganda. Baada ya serikali ya Amin kuanguka Aprili 1979, zamu iligeuka: watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, wengi wao katika eneo la Yei. Barbara Harrell-Bond aliandika juu ya maisha yao huko katika kitabu chake cha 1986, ambacho kimekuwa msingi wa taaluma ya masomo ya wakimbizi. Vita vya pili vya Sudan, vilivyoanza 1983, viliwarudisha Waganda hawa makwao na kuwaleta Wasudani nyuma yao. Machi 1997 jeshi la SPLA liliteka Kaya na Yei, na baadhi ya wakimbizi wakarudi. Sudan Kusini ikapata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Miaka mitano baadaye, mapigano ya Julai 2016 mjini Juba yalienea hadi Yei na vijiji vyake, na barabara ya kuelekea Oraba ikajaa tena.

Mwanamke aliyezaliwa upande wa Uganda karibu na mwaka 1960 aliweza, kabla ya kutimiza miaka sitini, kuwa mwenyeji wa wakimbizi akiwa mtoto, mkimbizi akiwa kijana, na mwenyeji tena mara mbili akiwa mtu mzima. Ufundi wa mkono katika eneo la namna hii hauwezi kuitwa wa taifa moja. Umevuka mpaka mara nyingi mno.

3.0 Njia tatu za kujifunza

3.1 Nyumbani

Njia ya kwanza ni ya uani. Msichana huketi karibu na mama, bibi, shangazi au wifi, na huanza kwa kutazama. Akikabidhiwa kulabu, kazi yake ya kwanza ni mnyororo wa vitanzi visivyo na umbo. Mwalimu huutazama, huuvuta, na huufumua. Uzi uleule hutumika tena siku hiyo na kesho yake. Kufumua ni sehemu ya somo, kwa kuwa uzi una gharama na kosa haliruhusiwi kubaki ndani ya kazi: kitanzi kimoja kilichorukwa katika mstari wa tatu hupindisha ukingo mzima katika mstari wa kumi.

Mafunzo haya hutumia maneno machache. Mwalimu husema “tazama”, “hesabu”, “vuta kidogo”, na mengine husemwa na vidole. Hesabu hufanywa katika lugha ya nyumbani, iwe Kikakwa, Kilugbara au Kiarabu cha Juba. Kwa sababu hiyo mwanamke asiyejua lugha ya jirani yake huweza kujifunza kwake mchoro mzima. Sifa hii ndiyo iliyouwezesha ujuzi huu kuvuka mipaka ya lugha, na ndiyo pia iliyoufanya usiandikwe.

3.2 Shule na klabu

Njia ya pili ilikuja na misheni na utawala. Hapa inafaa kukumbuka jambo ambalo vitabu vya shule havikulitaja. Vipande vya zamani zaidi vinavyojulikana vya ufumaji wa sindano mbili, zikiwemo soksi za pamba zenye nakshi za buluu na nyeupe, vimetoka Misri, na vingi ni vya enzi za Kiislamu za kati. Huko Hispania, katika monasteri ya Las Huelgas mjini Burgos, zimehifadhiwa foronya zilizofumwa kwa ustadi mkubwa, zilizotoka katika makaburi ya kifalme ya karne ya kumi na tatu. Ufundi huo, ambao mabaki yake ya kale zaidi yamepatikana katika bonde la chini la Naili, ulifika Uganda, ambako mto huo unaanzia, baada ya kuzunguka Ulaya, na ulifundishwa kana kwamba ni zawadi ya Ulaya.

Shule za misheni za wasichana, kote Uganda na Sudan, ziliweka kazi ya sindano katika ratiba. Nchini Uganda, baada ya Vita Kuu ya Pili, Idara ya Maendeleo ya Jamii ilieneza vilabu vya wanawake vilivyofundisha kushona, kufuma, mapishi na usafi wa nyumba. Kenya ilikuwa na Maendeleo ya Wanawake tangu 1952. Vilabu hivyo vilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, vilitokana na fikra kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani. Katika Kenya ya Hali ya Hatari, utawala ulivitumia pia kuwavuta wanawake mbali na harakati za Mau Mau. Kwa upande mwingine, vilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo wanawake wa ukoo, kijiji na dhehebu tofauti waliketi pamoja bila kusimamiwa na waume zao. Sampuli iliyotoka klabuni ilirudi nyumbani, ikanakiliwa na majirani ambao hawakuwahi kuandikishwa, na baada ya kizazi kimoja hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa ya klabu.

3.3 Ukimbizi

Njia ya tatu ndiyo iliyoziunganisha mbili za kwanza. Mkimbizi hubeba kinachobebeka, na ujuzi wa mikono hauna uzito. Sindano na kulabu huingia katika fundo la nguo. Zikipotea, kulabu huweza kuchongwa kwa kijiti au kutengenezwa kwa waya.

Historia ya nchi nyingine inaonesha kwamba jambo hili si la West Nile peke yake. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza 1845, watawa walifundisha wanawake na wasichana kufuma leso na kola kwa kulabu ili wapate fedha za chakula, na kazi hizo zikauzwa hadi Uingereza na Ufaransa. Huko Ireland, hata hivyo, mchoro ulitoka kwa mwalimu aliyejua soko. Katika makazi ya West Nile, aliyekimbia mara nyingi ndiye aliyekuwa fundi, na mwenyeji ndiye aliyejifunza.

Mazingira ya makazi yalichangia. Bidibidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa na watu zaidi ya 270,000. Miongoni mwa wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda, zaidi ya wanane kati ya kumi ni wanawake na watoto. Sera ya Uganda huwapa wakimbizi kipande cha ardhi na ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, hivyo sokoni, kanisani na kisimani mgeni na mwenyeji hukutana. Wengine miongoni mwa wenyeji hao waliwahi wenyewe kupokewa Yei. Mwanamke wa Koboko anapomwomba mgeni amwoneshe jani lilivyojazwa, hakuna anayeona ajabu: kuna deni la zamani baina yao, na kila upande umewahi kuwa mdai na mdaiwa.

4.0 Milaya: kitambaa kama kumbukumbu

Kazi inayotambulisha eneo hili kuliko nyingine ni milaya. Neno hili ni la Kiarabu. Huko Misri lilikuwa jina la vazi pana ambalo wanawake walijifunika walipotoka nje. Sudan likawa jina la shuka ya kitanda. Milaya inayozungumziwa hapa ni shuka ya pamba, kwa kawaida ya rangi moja, inayochorwa kwa kalamu kisha kutariziwa kwa nyuzi za rangi nyingi: maua, matawi, tausi, njiwa, pengine na jina au salamu. Huambatana na foronya, na ukingo wake hufumwa kwa kulabu.

Milaya ina kazi katika maisha ya jamii. Binti huandaa zake kabla ya kuolewa na huenda nazo kwa mume. Hutandikwa mgeni anapokuja, huning'inizwa ukutani siku ya sherehe. Wakati wa kukimbia hugeuka kuwa mfuko: vyombo na nguo huwekwa katikati, pembe nne hufungwa, na fundo huwekwa kichwani. Hivyo ndivyo milaya nyingi zilivyoingia Uganda mwaka 2016. Picha za Nora Lorek zilizochapishwa katika jarida la National Geographic ziliwaonesha wasomaji wa mbali wanawake wa Bidibidi wakiwa mbele ya milaya zao.

Picha huonesha upande wa uso. Mfumaji anayetaka kujifunza hushika pembe ya kitambaa na kukigeuza. Upande wa nyuma unaonesha mambo ambayo uso huyaficha: uzi ulianzia wapi, ulirukia wapi, rangi ilipokwisha ikaendelezwa kwa rangi gani, mkono ulibadilika mahali gani. Kwa kuutazama, fundi hujua kama jani lilijazwa kwa uzi unaokwenda na kurudi pande zote mbili, jambo linalokula uzi mwingi, au kwa mshono unaobaki juu tu, unaotumiwa na mtu mwenye uzi mdogo. Mafundo ya nyuma ni ushahidi wa uhaba. Kuenea kwa mshono unaobana uzi katika kazi za fundi mmoja kunaweza kumweleza mtafiti makini kuhusu mwaka wa dhiki, kama vile daftari la stoo linavyoweza.

Kusoma huku kuna masharti. Kitambaa kimoja hakitoshi. Zinahitajika kazi kadhaa za mkono uleule, na maelezo ya mwenyewe kuhusu mahali alipozifanya. Wanawake waliovuka katika miaka ya 1960 sasa ni wazee, na wengi hawapo tena. Shuka huchakaa kwa kufuliwa. Kwa hiyo muda wa kuikusanya historia hii ni mfupi kuliko ule wa historia iliyo katika majalada.

5.0 Kiswahili na jina la kitanzi

Kiswahili kiko wapi katika habari hii? Kilifika West Nile kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kambi ya jeshi, ambako kilikuwa lugha ya amri. Wa pili ni soko: katika Arua, na katika Ariwara iliyo ng'ambo ya Kongo, Kiswahili kimekuwa lugha ya bei kwa muda mrefu. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye kilomita 92, ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, biashara hiyo iliongezeka. Kambini na sokoni, Kiswahili kilijifunza kuamuru, kuhesabu fedha na kubishana. Uani hakikukaribishwa kwa kiwango hichohicho.

Jambo hili haliwezi kuelezwa kwa umaskini wa lugha. Pwani, Kiswahili kina msamiati mpana wa sindano. Washonaji wa kofia wa Lamu na Zanzibar wana majina ya nakshi na ya vitundu vidogo, viua, vinavyozungushiwa uzi mmoja mmoja. Almaria, tarizi na bitana ni maneno ya kawaida huko. Zaidi ya hayo, ufumaji umeipa lugha yenyewe istilahi za fikra: mfumo, neno ambalo leo hutumika kwa serikali, elimu na kompyuta, limetokana na kufuma, na kufumua ni kuharibu kilichounganishwa ili kianzwe upya. Msamiati wa sindano ulikuwapo. Askari waliokipeleka Kiswahili bara hawakuwa washonaji wa kofia, kwa hiyo maneno hayo hayakusafiri nao.

Matokeo yake yanaonekana katika sera. Mwaka 1973 utawala wa Amin ulitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda, kwa amri, na kwa raia wengi tangazo hilo liliimarisha picha ya Kiswahili kama lugha ya bunduki. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sudan Kusini nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mwaka uleule ambao watu wake walikuwa wakimiminika Oraba. Mpaka huu sasa uko ndani ya Jumuiya yenye Kiswahili kama mojawapo ya lugha zake, lakini mama anayemfundisha mwanawe kufuma hapo hana sababu ya kufanya hivyo kwa Kiswahili, wala mwalimu wa Kiswahili hana kitabu kinachoutaja ujuzi huo.

Hatua ndogo zinawezekana. Ya kwanza ni kulipokea neno milaya katika kamusi, likiwa na maana ya shuka iliyotariziwa kwa mtindo wa Sudan Kusini na West Nile. Neno lenyewe limekaa vizuri katika matamshi ya Kiswahili, ila linahitaji kuamuliwa ngeli: silabi yake ya kwanza inaweza kumdanganya mzungumzaji alidhani ni wingi, akaunda umoja ambao haupo. Kuliweka katika ngeli ya I-/ZI-, milaya hii na milaya hizi, kutaondoa tatizo hilo. Ya pili ni kutenganisha ufumaji wa sindano mbili na ufumaji wa kulabu katika istilahi za mitaala ya ufundi, kwani mwanafunzi hawezi kufuata maelekezo ambayo kitenzi chake kina maana tatu. Ya tatu ni kuwaalika mafundi wenyewe watoe majina waliyo nayo ya mishono na michoro, katika Kikakwa, Kilugbara na Kiarabu cha Juba, kabla wanaistilahi hawajabuni mengine mezani.

Hatua hii ya tatu ina uzito wa haki pia. Kazi za wakimbizi zinapoandikwa na miradi ya misaada kwa lugha ya wafadhili, fundi huwa mnufaika na mchoro huwa bidhaa. Jina la mshono, ambalo yeye ndiye alikuwa nalo, hubaki nje ya maandishi. Kiswahili kikifuata njia hiyohiyo, kitakuwa kimeongeza lugha moja zaidi ambayo wanawake hawa wanazungumziwa ndani yake bila wao kuzungumza.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ufumaji na utarizi wa Oraba ni zao la mikondo mitatu, ya nyumbani, ya shule na vilabu, na ya ukimbizi, na kwamba mkondo wa tatu ndio uliochanganya ile miwili. Yameonesha pia kwamba milaya inaweza kusomwa kama ushahidi wa kihistoria, hasa kwa upande wake wa nyuma, mradi isomwe pamoja na masimulizi ya aliyeitengeneza.

Kuhusu Kiswahili, hitimisho ni kwamba lugha iliyoingia West Nile kwa amri haitakubalika zaidi kwa kuongezewa amri. Majirani wa Oraba wamejifunza wao kwa wao kwa miaka mingi bila kulazimishwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikitaka. Walimu na wanaistilahi wa Kiswahili wanaweza kuanzia hapo: waende wakiwa na daftari, waketi upande wa wanafunzi, na waulize kitanzi hiki kinaitwaje.